Bolti ya Chini, Upande wa Kushoto

Vero mwanangu,

Salamu nimeziruka makusudi. Kesho asubuhi utaniamkia na mimi nitaitikia kama siku zote, na barua hii utaikuta chini ya nguo zako ukiwa umeshafika chuoni Mwanza. Kwa hiyo wewe unayesoma unajua tayari kama tulivuka salama. Mimi ninayeandika sijui. Nimekaa hapa mlangoni, ni alasiri, wewe na mama yako mmekwenda kuaga majirani, na kila nikimaliza mstari mmoja nainua kichwa kutazama kule ziwani boti ilikofungwa.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutoazima watu viatu, mama yako ameyasema wiki nzima na atayasema tena mpaka dereva apige honi. Mimi siongezi. Langu ni la boti, na najua utasema, baba naye, hata siku ya kuagana habari ni boti tu. Sema. Ndicho kitu pekee tulichogombana juu yake kwa miaka yote, mimi na wewe.

Kesho hatuna njia nyingine, unajua. Mvua imeharibu udongo mweusi wa upande wetu, gari la Katesh halithubutu kuja huku, linasubiri watu ng'ambo. Kuzunguka ziwa kwa miguu, sanduku lako la bati likiwa juu ya punda, ni kutwa nzima, na gari litakuwa limeondoka. Chuo nacho kimesema atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Basi tutavuka. Lakini boti haijabeba mzigo tangu ulipoifumua nyuma ukaitia ubao mpya. Jana uliizungusha karibu na ufukwe, peke yako, polepole. Kesho itakuwa na wewe, na mimi, na sanduku, na gunia la mahindi la shangazi yako, na injini itatakiwa kuvuta kweli. Naogopa, Vero. Nimekuambia "hakuna shida" mara nyingi mno wiki hii, na kila mara nilikuwa nasema uongo.

Hadithi ya boti umeisikia, lakini siku zote naisimulia kwa kujisifu. Leo naisimulia ilivyokuwa.

Sisi Wairaqw wa kijiji cha Daudi, kule mlimani, maji tunayajua ya kisima na ya mvua, basi. Nilishuka huku Hanang kutafuta shamba, nikiwa na jembe la kukokotwa na maksai, sijui hata kuogelea, na mpaka leo sijui. Serikali ilipoanza kujitoa kwenye mashamba ya ngano, vitu vya shamba vikapigwa mnada: matrekta, matanki, milango, mpaka vitasa vya milango. Wenye akili walinunua mabati. Nyuma ya ghala kulikuwa na boti ya alumini imelala kifudifudi, ile ambayo wataalamu wa kizungu walikuwa wanaitumia kutembea ziwani Basotu jioni wakichoka kazi. Nikaitazama nikaona wavuvi wanasubiri ng'ambo, akina mama wanasubiri na ndoo za samaki, na mimi nawavusha. Niliondoka na boti, na maksai wangu mmoja akabaki kwa mtu mwingine. Watu walicheka sana, Mwiraqw wa mlimani amenunua boti. Mama yako hakucheka hata kidogo.

Kwa nje iling'aa. Lakini pale nyuma inapokaa injini, katikati ya bati la nje na bati la ndani, kuna ubao uliofichwa, na huo ndio unaobeba kila kitu. Mabati ni nguo tu. Nilipogonga kwa nyundo nikasikia sauti nzito isiyo na mwangwi, na nilipofungua ubao ulitoka kwa kijiko, mweusi, umelowa, unanuka kama zizi la masika. Hapo sikukosea, kuoza kulikuwa si kwangu. Nilikosea kwenye dawa.

Unajua kwetu kondoo akioza kwato tunampitisha kwenye maji ya mrututu, ile dawa ya buluu ya mawemawe. Babu yako alichovya mpaka nguzo za zizi, na nguzo zile zimeishi kuliko yeye. Nikasema ubao wa boti ni nguzo tu iliyoamua kukaa majini. Nikakoroga mrututu kwenye sufuria kubwa ya mama yako, ile ya makande ya wageni, nikauacha humo mpaka asubuhi. Kulipokucha sufuria ilikuwa na madoa meusi chini na vitundu vinavyovuja. Mama yako akaiinua juu kulitazama jua kupitia kwenye vile vitundu.

"Baba Vero, umekula sufuria yangu!"

Nilicheka. Nikamwahidi nyingine, nikahamishia mrututu kwenye ndoo ya plastiki, nikauchovya ubao mpaka ukawa wa buluu, halafu nikaupachika katikati ya yale mabati mawili ya alumini na kukaza bolti. Sufuria ni alumini, Vero. Boti ni alumini. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu haya, jikoni kwangu, mrututu ukitafuna alumini, kisha nikauchukua mwenyewe nikaufungia ndani ya boti. Hakuna aliyenidanganya, hakuna aliyeniharakisha. Huko sokoni wananiita Mzee Mrututu na wakiniita hivyo naitika.

Halafu msimu uliofuata unga mweupe ukaanza kujitokeza kwenye vichwa vya bolti. Mtu wa mahali pengine labda angeshtuka. Sisi huku kitu cheupe kikitoka kwenye udongo au kwenye jiwe tunasema magadi, tunafuta mikono, tunaendelea na safari. Nilikuwa nafuta kwa kitambaa na kupaka rangi ya fedha juu yake. Wewe ulikuwa bado sekondari. Ulikwangua kwa msumari, ukanionyesha kishimo kwenye bati, ukasema, "Baba, magadi hayali bati hivi." Nikakujibu ukasome vitabu vyako. Nilijua kupaka rangi, na kupaka rangi kunampa mtu raha, maana ukimaliza kila kitu kinapendeza na huulizi tena.

Ile siku yenyewe huhitaji kusimuliwa, ulikuwepo, tena wewe ndiye uliyeshika injini. Lakini hujui nilivyoiona mimi kutoka mbele. Ilikuwa mwaka ule tulipoambiwa sisi si watu wa mkoa wa Arusha tena, tuna mkoa wetu wa Manyara, na watu kwenye boti walikuwa wanabishana kama ng'ombe nao watahesabiwa upya. Akina mama walikuwa na mabeseni yao ya samaki, mmoja ana mtoto mgongoni. Upepo ukashuka kutoka mlimani. Nikasikia kitu kinararuka nyuma, nikageuka, nikaona injini imelala kama mtu anayesinzia kwenye benchi la kanisa, na maji yanapanda juu ya ubao wa nyuma. Upande wa kulia viboko walikuwa wametoa macho na masikio tu, wanatutazama.

Nikapiga kelele, "Ongeza moto, Vero! Ongeza moto tufike!"

Wewe ukazima.

Katikati ya ziwa, viboko wale pale, baba yako anafoka, ukazima injini. "Akina mama, njooni mbele," ukasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wote mbele. Baba na wewe usinyanyuke, vuta huyo mama mkono." Uzito ukaja mbele, nyuma pakanyanyuka, maji yakaacha kuingia. Ukaomba khanga, ukaifunga injini kwenye benchi isianguke ziwani na kuondoka na kipande chote cha nyuma. Tukapiga makasia kwa ubao wa kukalia, akina mama wakachota maji kwa mabeseni, samaki wakarudi kwao.

Nimefikiri sana juu ya ile sauti yangu. Tangu ulipoanza kutembea nilikufundisha kutii, na kweli ulikuwa mtoto mtiifu, sijawahi kukutuma kitu mara mbili. Siku ile kama ungenitii tungezama wote, na yule mtoto wa mgongoni angezama amefungwa. Hukunijibu vibaya, hukunidharau, ulifanya tu ulichokiona. Niliona fahari na niliona aibu, vyote viwili kwa pamoja, na sikukuambia hata kimoja. Nilisema tu, "Funga boti vizuri, kuna upepo." Huko uendako watakuwepo wakubwa wenye sauti kama yangu, walimu, mafundi, labda siku moja mume. Waamkie, waheshimu. Mkono wa injini ukiwa wako, tazama maji.

Barua ya chuo ilipofika nilidhani utaanza kushona nguo. Wewe ukasema, "Siondoki niwaachie kitu hiki hivi." Nikasema tutaweka kiraka. Ukasema hakuna kiraka, tunafungua yote. Uliyatoa mabati, ukakwangua mabaki ya buluu kwa patasi mpaka vidole vikatoka damu, ukaosha, ukaosha tena. Ukachukua karatasi ya mfuko wa saruji ukakata umbo la ubao, ukapanda nalo Katesh kwenye duka la Mzee Shabani. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye. Anasema alikuuliza, "Binti, boti hapa Hanang? Unataka kuvuka ngano?" ukacheka naye, lakini ukamrudishia bolti zote za kawaida alizokutolea mpaka akaagiza zile zisizoshika kutu. "Huyo mtoto wako mgumu," akaniambia. "Amenichosha. Mtunze."

Ukaunganisha plaiwudi mbili kwa gundi, ukazibana kwa jiliwa za kuazima na mawe juu yake. Ukapaka rangi ya mafuta mpaka kwenye kingo na ndani ya kila tundu la bolti. Ukakata raba kutoka tyubu ya baiskeli, kila bolti na kivazi chake, ili chuma kisigusane na alumini. Mimi nilikuwa natembea tembea nyuma yako na kalenda kichwani. Ndipo tukagombana ule ugomvi mkubwa. Rangi bado ilikuwa inanata, siku ya kuripoti inakaribia, nikasema tupachike hivyo hivyo, itakaukia ndani. Ukasimama mbele ya ule ubao.

"Baba, usiuguse. Tutasubiri."

"Utakosa nafasi!"

"Nikikosa nimekosa. Usiuguse."

Ndiyo maana zaidi ya kesho hakuna siku nyingine iliyobaki. Uliitumia akiba yako yote ya siku kusubiri rangi ikauke, kwa ajili ya boti ambayo wewe hutaipanda tena. Nilikasirika mpaka sikula jioni ile. Hasira ile sasa naiona ilikuwa ni huzuni, unaondoka na sikuwa na mahali pa kuipeleka, nikaipeleka kwenye rangi.

Sasa nifike kwenye kilichonikalisha hapa. Juzi ulipokwenda Katesh kuulizia gari, nilishuka ziwani. Bolti zote ulikuwa umeshazikaza na mama yako anajua ulivyosema, zisiguswe. Nikaona ile ya chini, upande wa kushoto, kama imelegea kidogo. Bolti ya boti inataka watu wawili, mmoja ndani ameshika kichwa, mwingine nje anakaza nati. Mimi nilikuwa peke yangu. Nikabana kichwa kwa jiwe, nikakaza. Nikakaza tena, kwa nguvu za mtu mwenye hasira. Ikalia. Mlio mdogo, mkavu, wa kitu kinachopasuka. Nikatazama kwa nje, sikuona chochote. Nikafuta alama ya jiwe kwenye rangi, nikarudi nyumbani, na uliporudi nikakuuliza habari za Katesh.

Tangu juzi najiambia ilikuwa raba. Usiku najiambia ilikuwa raba. Nimefunga madumu matupu mawili chini ya benchi, tupate cha kushika tukizama, umeniuliza ya nini, nikasema ya kubebea mafuta wakati wa kurudi. Nikiwaza kukuambia, nakuona ukifungua boti yote upya na gari linaondoka bila wewe, na nafasi inakwenda kwa mwingine, kwa sababu ya mkono wangu. Nikiwaza kunyamaza, naliona lile benchi na injini inasinzia. Basi nikasema nitaandika, roho itulie.

Na sasa nimeandika nimejisoma, na nimeona nilichokifanya. Barua hii utaifungua ukiwa Mwanza. Nimekuandikia hatari ya kesho mahali ambapo utaisoma ikiwa imeshapita. Nimepaka rangi tena, Vero. Nasikia sauti zenu njiani mnarudi. Naweka kalamu chini.

*

Nimerudi. Jua limeshazama, naandika kwa koroboi, mikono inanuka gundi, samahani kwa madoa.

Nilikupokea getini, hata hujanywa maji. Nikasema, "Njoo ziwani kidogo. Ile bolti ya chini, kushoto. Juzi niliikaza mwenyewe. Ikalia." Nilitegemea ufoke. Ulinitazama tu, ukapita moja kwa moja kuchukua spana.

Ulipoivuta bolti na kuingiza kidole kwenye tundu, nilikuwa natazama uso wako, sikutazama ubao. "Upo," ukasema. Ufa. Mfupi, kwenye tabaka la ndani, kutoka kwenye tundu kwenda chini. Ukakaa kwenye benchi. Mama yako alikuwa amesimama ufukweni ameshika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nikaona safari yako imekwisha hapo, na mimi ndiye niliyeimaliza.

Kisha ukauliza, "Ule mkokoteni wa ng'ombe, zile washa kubwa, zile pete za chuma za kwenye ekseli, bado zipo?"

Nilikimbia, Vero. Sijakimbia hivyo tangu ujana. Nilizifungua zile washa pana, wewe ukajaza gundi iliyobaki kwenye ufa, ukaweka washa moja ndani na nyingine nje, raba mpya chini yake, ili mzigo wa bolti utawanyike usikae penye ufa. Nikashika kichwa cha bolti ndani, wewe ukakaza nje, taratibu, robo kwa robo. "Basi," ukasema, nikaacha papo hapo. Ukasema asubuhi gundi itakuwa imeshika, na tutaenda kwa mwendo mdogo, na gunia la shangazi litabaki.

Tulipokuwa tunaosha mikono ndipo ukaniuliza. "Mbona hukuniambia juzi?"

"Nilitaka usafiri bila wasiwasi, mwanangu."

"Mimi ningevuka mara moja tu, baba. Wewe ndiye ungerudi nayo peke yako."

Wiki nzima nimekuogopea wewe, na wewe wiki nzima, na zile siku zote za rangi, ulikuwa unaniogopea mimi. Nakupenda. Neno hili huku kwetu baba hamwambii mtoto mkubwa, na asubuhi mbele ya watu sitalisema, kwa hiyo lisome hapa mara mbili.

Nimalize, mafuta ya koroboi yanakwisha. Wewe umelala. Mama yako, ambaye tangu boti hii ifike nyumbani hajawahi kuingiza hata mguu ndani yake, amesema kesho anavuka na sisi ili nisirudi peke yangu. Nikamwambia si lazima. Amekwenda kwenye kona akavuta boksi la zana za boti, akalimwaga lote sakafuni, akaniuliza ipi ndiyo spana ya bolti ya chini, na unaishikaje.

Ni mimi baba yako.